Namna ya Kukusanya Maoni ya Watumishi Kuhusu Mifumo ya Kidijitali, na Kuyafanyia Kazi

Mwongozo huu unamlenga mkuu wa idara, afisa TEHAMA au mjumbe wa kamati aliyepewa kazi ya kukusanya maoni ya watumishi wenzake kuhusu matumizi ya teknolojia ya kidijitali katika taasisi ya umma, na ambaye angependa maoni hayo yabadilishe utendaji badala ya kuishia kwenye kiambatisho cha taarifa ya robo mwaka. Mifano mingi inatoka katika halmashauri za Tanzania Bara, kwa kuwa huko ndiko mifumo mingi inakokutana juu ya meza ya mtumishi mmoja, ambaye asubuhi anapokea maombi ya leseni, mchana anajibu hoja ya mkaguzi, na jioni anatakiwa kujaza kazi zake za siku kwenye mfumo wa kupima utendaji.

Jua kwanza kilicho mikononi mwako

Zoezi la aina hii huharibika mapema pale watumishi wanapoulizwa iwapo wanautaka mfumo au hawautaki, ilhali uamuzi huo haupo ofisini kwao. Halmashauri haijichagulii mfumo wa malipo, kwani MUSE umeletwa na Hazina. Wala haijichagulii mfumo wa ununuzi, kwani tangu 2023 zabuni za umma zilihamia NeST, ulioshika nafasi ya TANePS. Mapato ya ndani yanapita TAUSI, fedha za shule na zahanati zinaandikwa kwenye FFARS, na tangu GePG, mfumo wa kupokea malipo ya Serikali kwa njia ya kielektroniki, ulipoanza 2017, mwananchi anayelipa chochote serikalini amezoea kuanza kwa kuomba namba ya kumbukumbu ya malipo. Hata taasisi inayotaka kujitengenezea mfumo wake haiwezi kuanza kwa matakwa yake yenyewe, kwa sababu Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 imeiweka miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Serikali Mtandao, yaani eGA.

Kinachobaki mikononi mwa ofisi ni mpangilio wa kazi inayouzunguka mfumo: ombi linapita meza ngapi, linahitaji saini za nani, taarifa ipi inaandikwa mara mbili, nani ana akaunti ya kuidhinisha, dirisha linafunguliwa saa ngapi, na kazi inaendeleaje mtandao unapokatika. Hayo yanaonekana madogo mbele ya uzinduzi wenye mgeni rasmi, lakini ndiyo yanayoamua kama mwananchi atapata leseni leo au atarudi wiki ijayo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza swali lolote, andika katika karatasi moja mambo ambayo ofisi yako inaweza kuyabadilisha yenyewe, yale ambayo inaweza kuyaombea mabadiliko ngazi za juu, na yale yaliyofungwa na sheria. Watumishi waonyeshwe karatasi hiyo mwanzoni kabisa, kwani mtu akijua mipaka ya mazungumzo hutoa maoni yanayotekelezeka, na asipoijua huishia kulalamikia mishahara.

Wasikilize kwa makundi, na anza na wa dirishani

Maoni ya watumishi hutofautiana kufuatana na kiti cha anayeyatoa. Mkurugenzi Mtendaji, ambaye ndiye afisa masuuli, yaani mwenye kuwajibika kwa fedha za taasisi, huzungumzia makusanyo na hoja za ukaguzi, na kwake mfumo ni njia ya kuona fedha zimeingia kiasi gani bila kusubiri taarifa ya mtu. Mkuu wa idara huona mfumo kama chanzo cha takwimu za kupeleka mkoani. Karani wa dirishani huona foleni. Mtendaji wa kata, anayekusanya ushuru kwa mashine ya POS, ile ya mkononi inayotoa risiti, katika mnada ulio mbali na mnara wa simu, huona betri na mtandao. Hakuna anayesema uongo kati yao, ila ukiwaweka wote kwenye ukumbi mmoja utasikia sauti moja tu, kwa kuwa mtumishi wa ngazi ya chini hawezi kumpinga mkubwa wake hadharani, na adabu ya ofisi zetu haimtaki afanye hivyo.

Anza na watu wa dirishani na wa masjala, peke yao, bila wakuu wao, tena kwenye meza zao za kazi na si kwenye chumba cha mikutano. Kama wewe ni kijana wa TEHAMA na mtunza kumbukumbu aliyekuwepo tangu enzi za taipureta anakuzidi miaka ishirini, msalimie inavyostahili, mwite mama au mzee kama ofisi ilivyozoea, na umweleze kwamba umekuja kujifunza jalada linavyotembea. Hilo si suala la heshima peke yake, kwa sababu watumishi hao ndio wanaojua majalada yapi hupotea, yapi hukaa juu ya kabati yakisubiri mtu fulani, na kwa nini. Ukishamaliza kwao ndipo upande kwa wakuu wa idara, na mwisho kwa Mkurugenzi, ukiwa tayari na mambo mahususi ya kumuuliza.

Omba kuonyeshwa

Swali la “je, mfumo ni mzuri?” huzaa jibu la “ndiyo, ila kuna changamoto”, na jibu hilo halikusaidii. Badala yake mwombe mtumishi akuonyeshe kazi ya mwisho aliyoifunga na aifuate hatua kwa hatua mbele yako. Chukua leseni ya biashara ya kundi B, ambayo hutolewa na halmashauri, tofauti na ya kundi A inayotolewa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Mwombaji anakuja na namba ya mlipakodi, uthibitisho wa kodi kutoka TRA, mkataba wa pango na namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA), maombi yanaingizwa TAUSI, yanapitiwa, namba ya kumbukumbu ya malipo inatoka, mwombaji analipa kwa simu au benki, leseni inaidhinishwa na kuchapishwa. Kwa maelezo hayo kazi ni ya muda mfupi. Ukikaa na karani, hata hivyo, huenda ukaona kwamba mwombaji huyohuyo ametakiwa kuleta nakala ngumu za nyaraka alizokwisha kuziambatisha, kwamba nakala hizo zimefungiwa jalada, na kwamba jalada limepelekwa kwa maafisa wengine wawili waandike dokezo la “sina pingamizi”.

Andika muda wa aina mbili kwa kila hatua: muda ambao mtu anaifanya kazi, na muda ambao kazi inasubiri mtu. Mara nyingi muda wa kwanza huhesabiwa kwa dakika na wa pili kwa siku, na hapo ndipo utakapotambua kwamba kompyuta yenye kasi zaidi isingesaidia chochote. Kinachohitajika ni kuondoa kituo kimoja cha kusubiri, na kituo hicho hakiondolewi na programu bali na barua ya mkuu wa taasisi.

Kisha tafuta kaunta buku. Karibu kila dirisha lina daftari kubwa la jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula, ambalo kila kilichoingizwa kwenye mfumo huandikwa tena kwa kalamu. Wakaguzi wengi wa mifumo hulicheka daftari hilo na kuagiza liondolewe. Mimi naliona kuwa taarifa ya kweli kuliko zote zilizopo ofisini, kwa kuwa safu zake ndizo zinazoonyesha kile ambacho mtumishi anakihitaji na mfumo haumpi. Muulize kwa upole kwa nini analiandika. Anaweza kusema kwamba mfumo hautoi orodha ya maombi kwa kata, na mkuu wake huomba orodha hiyo kila Ijumaa. Dawa yake ni taarifa moja mpya ndani ya mfumo, au pengine ni kumwonyesha taarifa iliyopo asiyoijua. Anaweza kusema kwamba mkaguzi aliwahi kudai uthibitisho wenye saini. Dawa yake ni kukaa na mkaguzi wa ndani na kukubaliana kwa maandishi ni ushahidi gani wa kielektroniki unaokubalika. Anaweza kusema kwamba mtandao ukikatika daftari ndilo linalomwokoa, na hapo hakuna sababu ya kumnyang'anya mpaka mpango wa dharura uwepo. Au anaweza kunyamaza kidogo na kukiri kwamba akaunti anayoitumia si yake, hivyo daftari ndilo pekee linaloonyesha kuwa kazi aliifanya yeye.

Hilo la mwisho lifuatilie kwa uangalifu mkubwa. Nywila zinazotumiwa na watu wawili au watatu ni jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayeliandika, na mara nyingi chanzo chake si uzembe bali safari za kikazi: mwenye mamlaka ya kuidhinisha yuko Dodoma kwa wiki nzima, maombi yamelundikana, naye anaamua kumwachia katibu muhtasi nywila. Ukiuliza kwa kulaumu, wote watakana. Uliza hivi: “Mkuu akisafiri, maombi yanaidhinishwaje?” Jibu litakuonyesha kama utaratibu wa kukaimu uliopo kwenye barua umeingizwa pia kwenye mfumo, yaani kama anayekaimu anafunguliwa haki ya kuidhinisha kwa jina lake mwenyewe na kufungiwa siku mwenye cheo anaporudi. Kwa mtazamo wangu, ofisi inayorekebisha jambo hilo moja imepata ufanisi na usalama kwa pamoja, bila kununua kitu.

Yachambue malalamiko kabla ya kuyaandika

“Mtandao unasumbua” ndiyo sentensi utakayoisikia kuliko zote, na ndiyo yenye maana nyingi kuliko zote. Inaweza kumaanisha intaneti ya jengo imekatika, au mfumo wenyewe umezidiwa huko uliko, au umeme haupo na jenereta halina mafuta, au kompyuta imechoka, au mtumishi hajui hatua inayofuata na anaona haya kusema, na wakati mwingine, tuseme ukweli, hataki tu kufanya kazi ile leo. Usizijumlishe. Weka fomu fupi kwenye kila dirisha kwa wiki mbili, yenye saa tatizo lilipoanza, saa lilipokwisha, na tiki kwenye sababu mojawapo, halafu linganisha na kumbukumbu za mtoa huduma ya intaneti. Taarifa ya namna hiyo humpa Mkurugenzi nguvu ya kudai fidia au kubadilisha mtoa huduma. Malalamiko ya jumla hayampi.

Katika hoja hiyohiyo, wasikilize wanaotaka utaratibu wa karatasi ubaki kama akiba, kwani hoja yao ina uzito. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom iliidhoofisha intaneti Afrika Mashariki, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Nchini Kenya, mashambulizi ya kimtandao ya mwishoni mwa Julai 2023 yaliivuruga eCitizen, lango la mtandaoni la huduma za serikali, kiasi kwamba wasafiri waliokwama kwenye maombi ya viza ya mtandaoni ilibidi wapewe viza walipowasili. Nchi iliyokuwa imeamua kuhamishia huduma zake zote kwenye lango moja ilijikuta ikihitaji mlango wa nyuma kwa siku chache. Ofisi yako nayo iandike mapema huduma zipi zitaendelea kwa fomu ya karatasi, nani ataziingiza kwenye mfumo baadaye na ndani ya muda gani, na zipi zitasimama kabisa kwa sababu zinahusu fedha.

Suala la fedha linahitaji sikio la pekee. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara kwa mara mashine za POS za halmashauri zilizokaa nje ya mtandao kwa muda mrefu na makusanyo ambayo hayakufikishwa benki. Ukimuuliza mtendaji wa kijiji atakwambia mnadani hakuna mtandao. Kauli hizo mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja, na kazi yako si kuamua nani mwizi. Hiyo ni ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na ya vyombo vya nidhamu. Kazi yako ni kuorodhesha vituo vya makusanyo na hali ya mtandao ya kila kimoja, ili mtendaji mwenye sababu ya kweli apewe laini ya mtandao mwingine au ratiba ya kwenda mahali penye mnara kila jioni, na asiye na sababu abaki bila kisingizio. Kamwe usichanganye zoezi la maoni na uchunguzi, maana siku watumishi watakapohisi kwamba walichokwambia kimetumika kumfungulia mwenzao mashtaka ya nidhamu, hakuna atakayekwambia tena kitu chenye maana.

Kuhusu mifumo ya kupima utendaji, utasikia mengi na kwa hasira. PEPMIS, iliyochukua nafasi ya OPRAS, utaratibu wa awali wa kupima utendaji, katika mwaka wa fedha 2023/24, inamtaka mtumishi aingize kazi zake na msimamizi azithibitishe, na wapo wanaosema kwamba kuijaza kunakula muda wa kazi yenyewe. Mwombe msemaji aijaze mbele yako na upime dakika. Mara nyingine utakuta tatizo ni malengo yaliyoandikwa kwa haraka mwanzoni mwa mwaka, hayafanani na kazi anayoifanya. Mara nyingine ni msimamizi asiyethibitisha kwa wiki kadhaa. Yote mawili yanatibika ndani ya idara.

Usimwache mwenye duka la steshenari

Watumishi hupenda kusema kwa niaba ya wananchi, hasa kwamba wananchi hawana simu janja. Hoja hiyo ina ukweli, lakini isichukuliwe bila kupimwa. Huduma kadhaa za Serikali hupatikana kwa kupiga *152*00# kwenye simu ya kitochi, na malipo ya namba ya kumbukumbu hayahitaji intaneti. Zaidi ya hapo, mwananchi anayeshindwa kujaza fomu mtandaoni haendi nyumbani kulala. Anakwenda steshenari iliyo karibu na stendi au lango la halmashauri, ambako kijana mwenye kompyuta anamjazia kwa malipo. Mtembelee kijana huyo. Anajua ni ukurasa gani unaowakwamisha watu, picha ya ukubwa gani inakataliwa, na saa ngapi mfumo huwa mwepesi, kwa usahihi ambao hutaupata katika kikao chochote cha tathmini.

Huko pia ndiko utakakoona hatari ambayo watumishi wachache huitaja, nayo ni namba za NIDA, vyeti na nywila za watu zilizobaki kwenye kompyuta ya dukani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu kila anayekusanya na kuchakata taarifa za watu, ofisi yako ikiwemo. Pendekezo la kuweka kompyuta moja na mtumishi mmoja wa kuwasaidia waombaji ndani ya jengo la halmashauri ni la gharama ndogo, nami ningeliweka juu kabisa ya orodha.

Andika taarifa inayomlazimu mtu kuamua

Taarifa ya maoni isizidi kurasa chache. Kila hoja iandikwe kwa sentensi moja, ifuatwe na ushahidi uliouona kwa macho yako au uliorekodiwa kwenye fomu, halafu cheo cha mwenye uwezo wa kuiamua na tarehe ambayo jibu linatarajiwa. Hoja isiyo na mwenye kuiamua isiingie. Mfano wake ni “elimu iendelee kutolewa”, ambayo imo katika kila taarifa na haijawahi kumfundisha mtu. Badala yake andika ni makarani gani, katika hatua gani ya mfumo, na nani kati ya wenzao anayeijua hatua hiyo vizuri kiasi cha kukaa nao kwa asubuhi mbili.

Zile hoja zinazohitaji mabadiliko kwenye mfumo wenyewe zipelekwe kwa barua kupitia Katibu Tawala wa Mkoa kwenda TAMISEMI, inayosimamia serikali za mitaa, au wizara inayoumiliki mfumo, zikiwa na picha za skrini na idadi ya maombi yaliyokwama. Viongozi wa juu, akiwemo Rais Samia Suluhu Hassan, wameagiza mara nyingi mifumo ya Serikali isomane, na eGA imejenga mfumo wa kubadilishana taarifa kwa ajili hiyo, kwa hiyo ofisi inayoeleza kwa usahihi kwamba taarifa fulani inaandikwa upya kwa mkono kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine inaleta hoja ambayo tayari ina agizo nyuma yake. Barua inayosema tu kwamba mifumo ni mingi haina mahali pa kushikwa.

Kabla hujaomba chochote kipya, punguza hatua zile ulizozigundua ulipoifuata kazi hatua kwa hatua, na ujaribu utaratibu uliopunguzwa kwenye dirisha moja kwa mwezi mmoja. Kuingiza kwenye kompyuta utaratibu wenye saini saba kunazaa utaratibu wa kielektroniki wenye vibali saba, na vibali vya kielektroniki ni vigumu zaidi kuviondoa kwa sababu vimekwisha kulipiwa.

Mwisho, warudie watumishi wale wale kwa mpangilio ule ule ulioanza nao, dirishani kwanza, na uwasomee kilichokubaliwa, kilichopelekwa juu na kilichokataliwa pamoja na sababu. Vilivyokataliwa ndivyo vinavyohitaji muda mwingi zaidi, kwa kuwa mtumishi aliyejibiwa hapana kwa sababu inayoeleweka atakuja tena na wazo lingine, na aliyekaliwa kimya hatakuja. Baada ya miezi mitatu pima upya muda wa kufanya na muda wa kusubiri kwenye huduma ile ile, kwa siku ya wiki ile ile, na uweke takwimu zote mbili kwenye jalada la Kamati ya Uongozi ya TEHAMA, nakala yake ikienda kwa mkaguzi wa ndani.